Ngoma ya Waliobaki

Endulen, Ngorongoro
kwa S.L.P. Karatu
20 Julai 1980

Ndugu Nareyu Moloimet,

Hunijui, na ukisoma jina langu hapo chini utatambua mara moja kwamba mimi ni Mbulu wa Karatu. Kwa hiyo salamu zangu za kwanza ni kukuomba usiitupe barua hii kwa sababu ya ng'ombe ambao babu zetu waliibiana. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano na la sita huku Endulen, mwaka wa nne sasa, na nimekwisha kuzoea baridi na hata maziwa ya kibuyu.

Siku ya Sabasaba nilikuwa Arusha na walimu wenzangu. Tulizunguka uwanja mzima wa maonyesho mpaka miguu ikaniuma, nikaketi kwenye benchi la kwanza nililoliona lina kivuli. Hapo ndipo kikundi chako kilipoingia. Watu waliokaa nyuma yangu walicheka. Walisema ni ngoma gani hii isiyo na ngoma, labda vyombo vimesahaulika kwenye basi. Nami nilicheka, nakiri. Kisha wale wanawake wanane wakaanza kutembea.

Walikuwa wanatembea tu, kama watu wanaokwenda kuchota maji mbali, lakini kila mmoja alikuwa amechoka kwa namna yake. Mmoja alichoka magoti. Mwingine alichoka moyo, nilimjua kwa shingo. Shanga ziligonga vifuani mwao kwa pamoja, na huo ndio ukawa muziki wenyewe. Mtangazaji alisema ngoma inaitwa "Waliobaki", ya wanawake wanaobaki bomani wakati wa kiangazi wanaume wakihama na ng'ombe. Mwishoni yule wa katikati, ambaye niliambiwa ndiye wewe mwenyewe uliyeitunga, akatugeuzia mgongo, akavua hereni zake ndefu na shanga zake, kimoja kimoja, akaviweka chini. Hakuna aliyecheka tena. Muuza karanga mmoja alisimama na sinia lake kichwani mpaka mwisho, hakuuza hata pakiti. Mimi nililia. Nilimkumbuka mama yangu akivuna ngano peke yake mwaka ule baba alipolazwa.

Tangu nirudi nimeharibika. Nafua nguo huku nahesabu hatua. Naandika ubaoni, mkono unasimama hewani kama ulivyosimama wako, na darasa linanisubiri. Kwa hiyo naomba ruhusa yako niwafundishe wasichana wangu wanane ngoma ile, waicheze Siku ya Wazazi tarehe 4 Oktoba. Wazazi wengi huku huja shuleni siku moja tu, siku ya kumtoa binti akaolewe. Nataka waje mara moja kumtazama. Na nisikudanganye, nimekwisha kuanza kidogo.

Anayekuvulia kofia,
Mwalimu Marsela Patrisi


Dar es Salaam
11 Agosti 1980

Ndugu Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa kwa ajili ya huyo muuza karanga. Ahsante.

Ruhusa unayo. Ngoma ikishachezwa mbele ya watu haina mlango wa kufunga. Wafundishe kutembea, kuchoka usiwafundishe, wanakujua wenyewe. Magoti yalegee, kisigino kitangulie, macho yasiwatafute watazamaji. Anayetabasamu mtoe.

Nina masharti mawili. La kwanza, mwisho ule wa kuvua mapambo uuache. Waishie pale wanapotua mizigo. La pili, usilitaje jina langu huko Endulen kwa mtu yeyote.

Tafadhali usiniulize sababu.

Nareyu Moloimet


Endulen
7 Septemba 1980

Dada Nareyu,

Umeniandikia barua fupi kama ya mkuu wa wilaya, lakini nimefurahi nayo mpaka nimeionyesha kwa jiko la chai, kwa kuwa watu umenikataza.

Wasichana wanakwenda vizuri. Nilifanya ulivyosema, sikuwafundisha kuchoka. Naserian, wa darasa la sita, ndiye nimemweka katikati. Huyu mtoto huchota maji kila asubuhi kabla ya shule, na sasa wenzake wananiambia anayachota kwa hatua za ngoma, punda anamshangaa. Mama zao wamesikia habari ya mchezo wakaniazima hereni zao za akiba, zile ndefu za mwanamke aliyeolewa, na shanga za shingoni. Hawakuuliza za nini. Walifurahi tu kwamba shule imeona mapambo yao yanafaa kitu.

Sasa niruhusu niseme la moyoni, maana mimi nikinyamaza huumwa kichwa. Mwisho ule ndio uliomsimamisha muuza karanga. Ngoma bila mwisho ule ni mboga isiyotiwa chumvi. Nimewahi kusikia kuna mafundi humfundisha mwanafunzi kila kitu isipokuwa kile kimoja, ili asije akawapita. Sikudhani wewe ni fundi wa namna hiyo. Nimekasirika kidogo, na nimeona afadhali nikwambie kuliko kujifanya sikukasirika.

Jina lako sitalitaja, hilo naahidi. La mwisho wa ngoma sijaahidi. Niambie sababu nitatii. Na Moloimet si ni jina la huku? Una watu huku?

Mwenye kichwa kigumu,
Marsela


Dar es Salaam
22 Septemba 1980

Marsela,

Si uchoyo. Soma barua hii peke yako.

Nilizaliwa hapo Endulen. Boma letu liko upande wa pili wa korongo, ukitoka zahanati ya mifugo unaliona. Baba alikufa nikiwa mtoto wa miaka saba. Serikali ilipodai kila boma litoe mtoto mmoja wa shule, nilitolewa mimi, kwa sababu kwetu hapakuwa na mwanamume wa kukataa. Kutoka shule nikaingia kikundi cha ngoma, kikundi kikanipeleka Ulaya miaka miwili kusomea utunzi, nikarudi nikatunga. Mama yangu anaitwa Nanyokie. Kaka yangu alikuwa Lomayani.

Wewe ni Mbulu, huwezi kulijua hili. Kwetu mwanamke huvua hereni zake na shanga zake mtu wake akifa. Hata mumewe hapaswi kumwona masikio matupu akiwa yu hai. Kuvua bila msiba ni kuuita msiba. Nililijua. Lakini nilikuwa Dar, mbele ya taa, nikajiambia jukwaa ni jukwaa. "Waliobaki" ilichezwa mara ya kwanza Juni 1977. Binamu yangu Kisioki alikuwapo ukumbini, akaenda nyumbani akasimulia. Wiki sita baadaye nyati alimuua Lomayani katika msitu wa ukingo wa kreta.

Kisioki akaniandikia: mama anasema usije. Sikwenda kumzika ndugu yangu. Mwaka wa nne huu nimepiga kambi kwenye ngoma ileile moja, sijatunga nyingine, na kila ninapovua zile hereni nasikia kwamba mimi ndiye niliyemwua. Huniulizi, lakini nakwambia: ninachotaka ni kurudi kwa mama yangu. Sitaki kitu kingine. Na siwezi kwenda kwa mtu aliyesema usije.

Sasa unajua. Ukate mwisho ule, kwa ajili ya wasichana na baba zao, kama si kwa ajili yangu.

Nareyu


Endulen
6 Oktoba 1980

Dada Nareyu,

Barua yako imepanda na gari la hospitali, nimeipata leo saa nne asubuhi. Siku ya Wazazi ilikuwa juzi Jumamosi.

Nakueleza yote bila kujipendelea. Wazee walikaa upande wa kivuli, wanawake walisimama upande wa jua. Wasichana walipoanza kutembea, wanawake wakawa wanaguna kwa kuitikia, kama mtu aliyesalimiwa. Mwenyekiti wa kijiji alisahau tumbaku yake mkononi. Nikajisifu moyoni. Wakatua mizigo, na hapo ningewasimamisha ningekuwa mtu mwema leo. Naserian akageuka, akavua hereni ya kwanza. Hereni za mama yake mzazi, na baba yake ameketi hatua kumi kutoka pale.

Haikuwa kelele mwanzoni. Ilikuwa watu mia mbili wakivuta pumzi. Kisha mama yake Naserian akapiga yowe, wazee wakasimama, mmoja akasema huyu mwalimu Mbulu amekuja kutuzika tungali hai. Mwalimu Moringe, mwenzangu wa darasa la saba, alinishika mkono akaniambia nisimamishe. Naserian naye ni mtoto mtiifu; sikumwambia aache, basi akaendelea.

Ndipo akatoka mama mmoja mrefu, mwembamba, akapita katikati ya wazee bila kuomba njia. Akapiga magoti. Akaokota hereni, akazifuta vumbi kwa shuka lake, akamrudishia Naserian masikioni, moja, halafu nyingine, bila haraka. Akaokota shanga akamvika. Akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Wazee wakakaa. Halafu akanigeukia akauliza, Moringe akanitafsiria: "Nani alikufundisha hivi?"

Nilikuwa nimekuahidi. Lakini mama huyu alikuwa amenitoa motoni sasa hivi, nikashindwa kumdanganya. Nikasema jina lako. Alinitazama, hakusema neno, akaenda zake. Moringe ndiye aliyeniambia kuwa huyo ni Nanyokie.

Wazee wamesema nitoe kondoo wa kusafisha uwanja. Nitatoa. Dada, nimekukosea mara mbili katika saa moja, na kosa la kwanza nilikwisha kukuandikia kwamba naweza kulifanya, kwa kiburi changu. Nisamehe ukiweza.

Marsela


Dar es Salaam
24 Oktoba 1980

Mwalimu,

Nilikuomba mambo mawili tu.

Hakusema neno, akaenda zake. Hilo ndilo jibu lake, nalifahamu tangu utoto. Nilikuwa najidanganya kwamba labda miaka imemlainisha. Sasa amekumbushwa mbele ya kijiji kizima, na watoto wa shule.

Najua hukukusudia. Ningekueleza mwezi wa Agosti usingefanya, kwa hiyo nusu ya lawama ni yangu. Nusu yako siwezi kukubebea leo. Nimekiambia kikundi kwamba "Waliobaki" haitachezwa tena.

Tafadhali usiniandikie kwa muda.

N. Moloimet


Endulen
16 Novemba 1980

Dada Nareyu,

Umenikataza kuandika, na safari hii natii. Hii si barua yangu, ni bahasha tu. Nilikwenda bomani kwa mama yako na kilo ya sukari, ambayo unajua siku hizi haionekani, kumwomba radhi. Nilimkuta na wake wa jirani, akawatoa nje. Tulikaa tangu asubuhi mpaka mbuzi wakarudi. Moringe alikuwa mdomo wetu. Mama yako alipomaliza kunisikiliza alisema nitoe kalamu. Yafuatayo ni yake.

Marsela

*

Nareyu,

Anayesema ni mama yako. Moringe anageuza maneno na huyu Mbulu anaandika. Nimewaambia waandike nisemavyo, wasinipambie.

Nilisema usije. Kisioki hakuyatunga, niliyasema mimi kwa mdomo wangu. Alikuja akaniambia umevua mapambo mbele za watu ilhali kaka yako yu hai. Nilisikitika, nikanyamaza. Kisha nyati akamuua Lomayani. Nilikwenda msituni mwenyewe, nikaziona kwato. Nilijua ni nyati. Lakini nyati hagombezwi. Nilitafuta mtu wa kumgombeza nikakupata wewe, maana ulikuwa mbali, huwezi kunijibu.

Baadaye nilitaka kulirudisha neno lile nikaona halina kamba shingoni. Nikasema moyoni, Nareyu hajawahi kunitii, hili pia hatalitii, atakuja. Nimekungoja majira baada ya majira. Siku niliyotaka usinitii ndiyo siku uliyonitii.

Shuleni sikuondoka kwa hasira. Yule mtoto alipogeuka kuvua nilimwona mtu ninayemfahamu, nikaondoka nisije nikaanguka mbele ya wazee. Nina swali juu ya jambo hilo. Silitaki kwenye karatasi, wala silitaki lipite kwa Moringe. Njoo nikuulize, unijibu kwa mdomo wako.

Njoo kabla mvua haijaharibu barabara.

Nanyokie, mama yako. Hiki ni kidole changu.


Endulen, bomani kwa mama
29 Desemba 1980

Mdogo wangu Marsela,

Heri ya Krismasi huko Karatu kwa wazazi wako. Umefunga shule ukaondoka siku mbili kabla sijafika, na Moringe anasema ulifanya makusudi kwa kuniogopa. Barua yangu ya Oktoba ichome moto. Kondoo wako aliliwa, wazee wanasema alikuwa mnono, kesi imekwisha.

Tangu Dar nilikuwa napanga maneno. Nimepanga kwenye basi, nimepanga kwenye lori kutoka Karatu, tukikwama kwenye tope napanga upya. Nilipofika mama alikuwa anakamua, na hakuacha kukamua. Nikainamisha kichwa mbele yake kama mtoto, mimi mwenye mvi, nikakaa hivyo mpaka shingo ikaniuma. Alipomaliza ng'ombe yule ndipo akaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa wa moto na unanukia maziwa. Hakuuondoa upesi. Yale maneno yote niliyoyapanga sikuyasema.

Siku mbili hakuniuliza kitu. Tulimlilia Lomayani, maana hatukuwahi kumlilia pamoja. Alinipeleka hadi mahali nyati alipomkuta, akanionyesha alikoangukia na alikokimbilia mwenzake aliyekuwa naye. Aliniambia mara moja tu, kwa uwazi, kwamba si mimi. Nimekuwa nikilisubiri neno hilo tangu 1977, na nilipolipata niliketi chini palepale.

Wasichana wako wamenijia hapa, ingawa shule imefungwa. Naserian ana shingo ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo. Umewafundisha vizuri kuliko nilivyotegemea, na nilikuwa nimetegemea mengi. Baba yake amesema atamwacha amalize la saba kwanza. Mengine tutazungumza naye yakifika. Mwisho wa ngoma umebadilika. Hakuna atakayevua kitu cha kweli tena, mikono mitupu inatosha, wanawake wa hapa wameliona hilo wakalikubali. Na haiishii kwenye kuvua. Mmoja anakuja, anapiga magoti, anaokota, anamrudishia mwenzake. Ngoma ile nilikuwa nimeikatia njiani bila kujua, mama yangu akaimalizia uwanjani kwenu. Mwezi wa tatu tutaicheza Dar hivyo, na jina la mama litatajwa pamoja na langu. Nimekwisha kuanza na nyingine pia, nitakuandikia.

Sasa nikwambie lile swali, kwa kuwa barua yake ilipita mkononi mwako na najua limekukosesha raha.

Siku ya tatu asubuhi tulikuwa tunakandika paa kwa samadi, mvua ilikuwa imelitoboa. Mimi nimepanda juu, yeye amepanda upande wake, tunakandika tukikaribiana. Akaniuliza bila kunitazama: "Kule kuvua. Kugeuka kwanza, kuanza sikio la kushoto, kupumzika kidogo kabla ya la pili. Hivyo ulifundishwa na Wazungu?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nilimwona yeye. Siku walipoleta habari ya baba, watoto wote walikuwa wamekwenda mtoni, lakini mimi nilikuwa na homa, nimelala mle ndani nyuma ya kizuizi cha ndama. Aliingia, akaugeukia ukuta, akavua hereni ya kushoto, akapumzika, akavua ya kulia. Akavua shanga moja moja akaziweka chini. Hakulia. Kisha akatoka kwenda kupokea watu. Nimesoma kwa walimu wengi, Marsela, na kwenye nchi za watu, lakini katika yote niliyowahi kuyatunga nilikuwa nautafuta mgongo ule.

Mama aliacha kukandika. Alisema, "Miaka thelathini nimejua kwamba siku ile nilikuwa peke yangu."

Kisha akalia. Hakulia kama tulivyomlilia Lomayani. Alijililia yeye mwenyewe, yule mwanamke kijana aliyeugeukia ukuta, na mimi nikasogea juu ya paa mpaka nikamfikia, nikamshika kwa mikono ileile yenye samadi, naye akaniacha nimshike.

Dada yako,
Nareyu